Kalunde wa Manundu

Mtani wangu alikufa Jumanne baada ya swala ya adhuhuri, na habari ilinikuta nachambua mchicha. Aliyeileta ni Mwanaidi wa mzee Mhina. Alisimama mlangoni hakupiga hodi, nikajua. Nikamuuliza nani, akasema, "Mtaliano." Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba darasa nililofika ni la pili, lakini jina la mtu likishaingia humu kichwani halitoki, hata majina ya mbuzi wa marehemu shangazi yangu ninayo. La huyu pia ninalo, la nyumbani kwao kabisa, ila silitumii leo, kwa sababu Manundu nzima haikulitumia. Alikuwa Mtaliano tu. Mnyamwezi wa Tabora, mweusi kama sufuria ya futari, Ulaya hajaiona hata kwenye picha, akaitwa Mtaliano mpaka kwenye daftari la msikiti, kwa ajili ya pikipiki.

Mimi ni Mzigua wa Mazingara, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu mababu walipokutana kwenye njia za misafara. Vijana wa sasa wanadhani utani ni kutukanana. Utani una kazi. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukinyang'anya. Utakikomboa kwa lile atakalotaka. Kwenye msiba mtani ndiye anayewachekesha wafiwa wasizimie, na ndiye wa kwanza kushika jembe. Basi sikuvaa uso wa kulia. Nilichukua mkongojo wangu, nikatia kifurushi changu ndani ya kapu, nikaenda. Nilipoingia uani nikaupanda ule mkongojo, nikaupiga teke kama mtu anayewasha pikipiki, nikawauliza nani atanirudisha nyumbani sasa na huyu mvivu amelala. Watu walicheka, hata mjane alicheka na machozi yakimtoka. Nilikuwa nimeanza vizuri.

Ndipo mwalimu wa madrasa akatoka chumbani, maiti imekwisha kukafiniwa, akauliza jambo dogo: marehemu ni mwana wa nani? Kaburini, wakati wa talakini, maiti anapokumbushwa imani yake, mtu huitwa kwa jina la mama yake. Wanawe watatu wakatazamana. Mkubwa akasema wao walimjua kama bibi wa Tabora tu, baba yao hakupenda kumzungumzia, na huko Tabora hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Mwalimu akasema si neno, asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, mama wa watu wote. Mimi nikapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Mama yake ni Kalunde."

Uwanja mzima ulicheka kuliko mwanzo. Maana Kalunde, kwa yeyote aliyekulia Manundu, ni pikipiki. Kalunde ndiyo ile nyekundu iliyolala bandani kwa marehemu, imefunikwa magunia. Watoto walikuwa wakiimba "Kalunde anakuja" wakiisikia. Mwana mkubwa akanijia karibu, akaniambia kwa upole wa mtu aliyeudhika, "Bibi, shikamoo, lakini utani nao una mpaka." Mwalimu alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Nami nikaona jinsi nilivyojifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Miaka yote nimekuwa mtani hodari mno. Leo nasema kweli, nani ataisadiki?

Sasa twendeni nyuma, enzi ya Mwingereza, kabla ya uhuru. Nilikuwa mke mchanga, nauza vitumbua na kahawa hapo Manundu, mbele ya duka la Bwana Kanji. Huyu mtani wangu alikuwa tarishi wa shamba la mkonge. Shamba lilimpa pikipiki ya Kiingereza, chumba, na buti nyeusi za ngozi nzito, na yeye alipeleka barua na vipuri huku na huku. Kila asubuhi alisimama kwangu kwa kikombe kimoja na matusi mawili. Ile pikipiki yake ililia kama cherehani, na yeye aliipanda kama mtu anayepanda punda wa jirani: hana ugomvi naye, hana mapenzi naye.

Siku hiyo kikombe kilikuwa mdomoni. Tukasikia mlio kutoka upande wa daraja, mzito, wa taratibu, du, du, du, du, kila mmoja unasimama peke yake. Mtani wangu akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama anatwanga." Nikamwambia Mnyamwezi, jua limekupiga, nenda kivulini. Ikatokea pikipiki nyekundu, imepandwa na Mtaliano wa kweli, fundi wa madaraja, iliyokuja kuuzwa kwa Bwana Kanji kwa kuwa mwenyewe alikuwa anarudi kwao. Mtani wangu alikwenda akaisimamia karibu, akaiwekea kiganja kwenye tangi kama unavyompapasa ng'ombe.

Hapo ndipo aliponieleza, mara moja tu, macho yake yakiwa kwenye pikipiki. Wakati wa vita, mateka wa Kitaliano walipowekwa Tabora, yeye alikuwa kijana wa kuwachotea maji. Mmoja wao alikuwa fundi, ana pikipiki ya aina hiyohiyo, akamfundisha kuifungua, kuifunga na kuipanda. Nyuma ya uzio mama yake alikuwa akitwanga mtama wa kuuza, na mchi wake na ile injini vilikwenda mwendo mmoja, mpaka yule mateka akawa anacheka, akiwasha anasema Kalunde huyo. Vita vikaisha, mateka wakaenda zao, pikipiki ikachukuliwa. Kijana akaja huku kukata mkonge, akimwacha mama kwenye kinu. Habari ya kifo chake ilimfikia arobaini imekwisha pita. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na ya Kiingereza ndiyo aliyopewa kupanda.

Bwana Kanji alikuwa mtu wa maneno machache. Kesho yake alikuwa anakuja mnunuzi kutoka Tanga. Akasema: kama pikipiki hii itapeleka majora ya khanga kwa ndugu yangu Kabuku, ifike mpaka Handeni, irudi leo kabla ya jua kuzama, haiuzwi, na atakayeiendesha ndiye dereva wangu. Ikikwama njiani, inakwenda Tanga. Sasa sikilizeni ugumu wake. Shambani nyapara alikuwa anaita majina kwenye kengele ya saa kumi. Tarishi asipoitika, amekosa kazi na chumba, na buti anarudisha. Mtani wangu alikuwa na mke mwenye mimba ndani ya hicho chumba. Alizunguka ile pikipiki mara tatu. Mara ya nne akaipanda.

Mimi nilikuwa na safari ya Handeni, mtoto wa dada yangu anaolewa, nikasema mtani hatoki bila mimi. Bwana yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakunywa kahawa hapohapo. Akasema, "Nenda naye. Akikuangusha, yeye ndiye atakayenipikia." Nikakalishwa upande, majora yamefungwa nyuma yangu, nikajifunga khanga mara mbili kiunoni, tukaondoka watu wakitupigia vigelegele.

Kilima cha kwanza kikatuaibisha. Pikipiki ya Kiingereza gia yake uliinyanyua kwa vidole vya mguu tu. Hii ya Kitaliano ilikuwa na kanyagio mbili, moja ya vidole, moja ya kisigino, na lile buti lilikuwa likigonga zote kwa pamoja. Injini ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Tukarudi kinyumenyume. Akapiga teke tena, ikazima tena. Wanawake waliobeba kuni wakakaa kando kututazama kama ngoma. Mara ya tatu ilipozima akainamisha kichwa, akasema miaka imepita, mguu wangu umesahau. Nikamuuliza, "Tabora ulikuwa na viatu?" Akautazama mguu wake. Halafu akacheka, akafungua kamba, akanirushia buti zote mbili nikazipakata. Mguu mtupu ukagusa ile kanyagio, na mimi niliyekuwa nyuma nilihisi mgongo wake ukibadilika. Mguu haukuwa umesahau kitu. Kiatu ndicho kilichokuwa mgeni.

Jamani, tulikwenda. Mpaka leo nikiandika hapa moyo unanidunda. Nilikuwa sijawahi kupita kitu chochote isipokuwa mbuzi, na siku ile tulilipita lori la mkonge, dereva akatutolea kichwa nje. Upepo uliingia mdomoni nikashindwa kuufunga. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakigeuka mistari kwa mistari kama kitabu kinachofunuliwa, na chini yetu lile du, du, du, mtu anatwanga, hachoki. Niliimba nyimbo za harusi nilizozijua zote, nikaanza upya. Mtani wangu alikuwa akizungumza peke yake Kinyamwezi. Sikumuuliza alikuwa akisema na nani.

Kabuku tulishusha majora, jua limeshapita utosini. Ndipo hofu ilipomkuta. Akasimama barabarani akitazama tulikotoka. Angegeuka sasa, angeiwahi kengele. Akanyoosha mkono.

"Mtani, nipe buti zangu nirudi kazini."

"Buti zipi?"

"Hizo ulizopakata."

"Hizi nimeziteka. Zikomboe."

"Nizikomboe kwa nini?"

"Kwa kunifikisha Handeni."

"Mke wangu atalala nje, we mwanamke. Nitakosa kazi."

"Utakosa viatu. Kazi umeikalia."

Angeweza kunipokonya, alikuwa mwanamume na mimi nilikuwa kama kijiti. Hakuthubutu, kwa kuwa mtani hapokonywi, na bila buti hakuwa na uso wa kwenda mbele ya nyapara. Alinitukana kwa Kinyamwezi, akanitukana kwa Kizigua ili nielewe, akapiga teke pikipiki. Tukaenda Handeni. Akaniacha harusini, akarudi peke yake, na jua lilikuwa juu ya miti alipoizima mlangoni kwa Bwana Kanji. Yule mnunuzi wa Tanga alirudi na gari la abiria alilojia. Pikipiki ilibaki mikononi mwake, na baadaye ikawa yake kabisa; mke alihamia nyuma ya duka, na mtoto aliyezaliwa humo ndiye huyu mkubwa aliyeniambia utani una mpaka.

Msinisifu. Nilichezea unga wa watu. Bwana Kanji angegeuza neno lake, yule mama angelala nje kwa ajili ya ulimi wangu, na kwa siku nyingi baadaye sikuweza kumtazama usoni. Nilifanya vile kwa sababu niliuona uso wa mtu aliposema mama anatwanga. Leo barabara zetu zimejaa vijana wa pikipiki, nawapenda, wananipakia bure nikiwapigia kelele, na kazi ni kazi. Lakini nikiwatazama najiuliza ni nani kati yao anayependa kile alichokikalia, na ni nani amekaa tu kwa sababu viatu vimemtosha.

Buti hakuzipata. Alipodai kwamba amenifikisha Handeni, nikamwambia bei imepanda, sasa unipeleke Mazingara. Alinipeleka. Nikapandisha tena. Alinipeleka kuzaa, alinipeleka kumzika mama, na kila safari alidai buti zake na kila safari nilikuwa na sharti jipya. Nyapara naye alizifuata siku moja. Nikamwambia zina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Basi, msibani, wakati bado wanacheka, nilifungua kapu langu. Nikatoa zile buti, ngozi imekauka kama magome, nikaenda nikaziweka mbele ya mwana mkubwa. Nikasema, "Chukua. Sidai kitu."

Wazee ndio walionyamaza kwanza. Walijua habari za buti, mji mzima ulizijua. Mtani akirudisha kitu bila kudai fidia, utani umekwisha. Nikawaambia, "Wanangu, sasa hivi si mtani anayesema. Baba yenu hakumpa mama yake jina la pikipiki. Pikipiki ndiyo iliyopewa jina la mama." Nikawaeleza kinu, na uzio, na Tabora, kwa maneno machache kuliko niliyowaandikia hapa. Mwalimu akaniuliza kama naapa. Nikaapa. Akaingia ndani, na jeneza likatoka.

Sisi wanawake tulibaki uani kama ilivyo desturi. Waliporudi, mwana mkubwa alipita watu wote akaja kuchutama mbele yangu. "Bibi, tumemwita mwana wa Kalunde." Halafu akauliza kama mtoto, "Alikuwa anatwanga nini?"

"Mtama," nikamwambia. "Alikuwa anatwanga mtama, taratibu, na hakuwa akichoka."

Wapenzi wangu, mkimaliza kunisoma nendeni mkawaulize wazazi wenu mama zao ni nani. Msingoje mwalimu awaulize ninyi. Na kwa kuwa nami nimezeeka, na watani niliobakiwa nao ni wachache wa kunikumbukia, acha niliweke jina hapa kwa mkono wangu: mama yangu aliitwa Mwanamvua, wa Mazingara. Alikuwa akisuka mikeka.