Nilimkataa Averil kwa Ushahidi wa Kamusi

Kosa ninaloliungama ni langu peke yangu, na nililitenda nikiwa na akili timamu, miwani machoni na kitabu mkononi. Kabla sijalieleza, niruhusuni nitenganishe mambo mawili. Nikiandika "niliona", basi nimeona kwa macho haya. Nikiandika "niliambiwa", mna haki ya kutia shaka, kama nilivyotia shaka mimi maisha yangu yote.

Nilisomesha tarikh, yaani historia, kwa miaka mingi, kisha nikawa mkaguzi wa skuli. Wanafunzi wangu wa Nizwa na wa hapa Ibra, ambao wengine sasa wana mvi, wakinikuta sokoni hunirudishia swali langu kwa kejeli: "Ustadhi, nani kakwambia? Na yeye alikuwepo?" Nilidhani mtu mwenye swali hilo mdomoni hawezi kupotea. Lo, nilivyojidanganya!

Mwanangu, nitakayemwita Harith, alikwenda kusoma Uingereza pamoja na mkewe Muna. Wakajaaliwa huko mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Nilipotajiwa jina lake kwa simu, nilisubiri wacheke, wasicheke.

Averil.

Nikauliza maana yake. Harith akanijibu kwamba wakirudi watanieleza kwa utulivu, nikiwa nimeshamwona mtoto. Mtu mwenye subira angengoja. Mimi nilikwenda kwenye rafu ya vitabu.

Nina kamusi nene ya majina ya Kiingereza. Ilisema jina hilo ni la kale mno na limeungwa kwa maneno mawili: la pili ni vita, na la kwanza ni nguruwe mwitu. Nikakifunga kitabu. Nikakifungua tena. Nguruwe alikuwa bado yupo.

Kwenye mtandao nilikuta mmoja anasema ni mwezi wa Aprili kwa Kifaransa, na wengine wakikaririana wao kwa wao bila ya ushahidi. Nikawapuuza. Ama kuhusu umaarufu wake, nilisoma kwamba liliwahi kutumika kidogo zamani za mabibi, na sasa hata Waingereza wenyewe ni nadra kumpa mtoto. Nikajiambia: wenyewe wamelitupa, sisi tumeliokota!

Nilimpelekea mke wangu habari hiyo jikoni, alipokuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Shangazi yako si alikuwa akiitwa Taabu?" akaniuliza. "Na katika ukoo wenu wote hakuna aliyekuwa mpole kama yeye. Taabu iliyomo humu ndani ina jina jengine kabisa."

Nikamwambia hilo ni jambo mbali.

"Na babu yako wa saba, Kulaib, unayejifakharisha naye kila arusi? Maana yake si kijibwa?"

Nikamwambia hilo pia ni jambo mbali. Mpaka leo sijaweza kueleza umbali wenyewe.

Walirudi mtoto akiwa na miezi mitatu. Akika, karamu ya kuchinja kwa ajili ya mtoto, walikuwa wameichelewesha kwa makusudi ili ifanyike kwetu Ibra, mbele ya jamaa. Na kwetu, kabla ya sinia kuwekwa chini, mzee wa upande wa baba husimama akalitangaza jina la mtoto, akalifuatisha na la baba na la mababu, ili waliohudhuria wawe mashahidi. Jina likishatamkwa hivyo ndilo watu watakaloondoka nalo. Asubuhi ya siku ile Harith alinipa kikaratasi alichoandika jina kwa herufi kubwa, nisije nikalikosea. Nilikitia mfukoni.

Majlis, ukumbi wetu wa wageni, ilijaa. Nikasimama. Nikamtangaza mjukuu wangu kuwa ni Salma binti Harith.

Laiti ningeishia hapo! Lakini mwalimu haachi somo nusu. Nikawaeleza wageni kwamba palikuwa na jina jengine lililoletwa kutoka ng'ambo, ambalo kwa mujibu wa wataalamu lina nguruwe ndani yake, na kwamba mimi siwezi kumtaja mnyama huyo juu ya chakula changu. Wazee wakacheka. Niliona raha kuchekewa.

Upande wa wanawake ulikuwa nyuma ya pazia, na vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Kisha nikamwona Harith akiliweka birika la kahawa chini, akanijia karibu.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "kitabu chako kimewahi kumwona Averil?"

Nikamwambia mtoto hahitaji kuonwa na kitabu.

"Sikusema mtoto," akanijibu.

Sikumuuliza alimkusudia nani. Mimi, mwenye swali langu maarufu! Nilikunja mikono ya kanzu, nikala.

Alasiri ile ile waliondoka kwenda Sur, mji wa pwani, kwa wazazi wa Muna, na huko wakakaa. Hapakuwa na ugomvi; ungekuwepo ingekuwa afadhali. Kila Ijumaa Harith alipiga simu, akaniamkia, akaniuliza afya yangu, mitende, na mfereji wa maji. Kuhusu mtoto hakusema neno, na mimi kwa kiburi sikuuliza.

Miezi kumi ilipita hivyo. Mke wangu alikuwa akienda Sur na kurudi na picha kwenye simu yake. Nilipochungulia, aliifunika kwa kiganja akaniachia mguu tu wa mtoto.

"Uso una jina," akasema, "na jina wewe hulitaki. Tosheka na mguu."

Ulikuwa mguu mzuri. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda aone.

Siku moja alirudi, akavua baibui, akaniambia mtoto ameanza kutembea.

"Nani kakwambia?" Maneno yalinitoka yenyewe, kwa mazoea.

"Mimi nimemwona," akajibu. "Wewe ndiye uliyeambiwa."

Ole wangu! Hakukusudia kuniumiza, alikuwa akinitania kama kawaida yake. Lakini nilikaa pale nikahesabu yote niliyoyajua kuhusu mjukuu wangu: jino lake la kwanza, kicheko chake, homa aliyoipata, na sasa hatua zake. Yote niliambiwa. Hakuna hata moja ambalo ningelikubali kutoka kwa mwanafunzi. Na hatua za kwanza za mtoto hazirudiwi kwa ajili ya babu aliyechelewa.

Kesho yake asubuhi tulitia halua na tende garini, tukashika njia ya Sur. Palipokuwa na alama za barabarani za kutahadharisha ngamia, mke wangu alizisoma moja moja. "Ngamia. Ngamia. Nguruwe sijamwona bado, tuendelee."

Muna alitupokea mlangoni. "Shikamoo, Baba." Nikamwitikia marahaba, na sauti yangu haikuwa ya mkaguzi. Harith alikuwa kazini. Mtoto alikuwa sakafuni na kijiko, akipiga kifuniko cha sufuria. Mgongo wake ulikuwa kwangu.

Nikamwita: "Salma." Akaendelea kupiga. Nikamwita tena, kwa sauti ya darasani.

"Salma ndiye nani, Baba?" Muna akauliza, akinimiminia kahawa. "Labda mtoto wa jirani."

Mke wangu alikohoa kuficha kicheko. Nikakiweka kikombe chini, nikauliza nilichotakiwa kuuliza tangu siku ya simu ile: Averil ni nani?

Yanayofuata niliambiwa na Muna, sikuwepo. Alikuwa na mimba ya miezi saba, Harith yuko mji wa mbali kwa ajili ya masomo, nje theluji imefunga njia, na akaanza kutoka damu. Akagonga mlango wa jirani, bibi mmoja mjane ambaye mpaka siku ile walikuwa wakiamkiana tu. Bibi yule akamtia ndani ya gari lake akamfikisha hospitali, akakaa naye siku mbili juu ya kiti mpaka Harith alipofika; mama na mtoto wakasalimika. Muna hakuwa na nguvu hata ya kusema. Kila sahani iliyoletwa, bibi aliiulizia kwanza yeye, kwa niaba yake, kama ina nguruwe. Akiona jawabu halina uhakika, aliirudisha.

Jina lake Averil.



"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Tulificha tusije tukakutieni hofu," akasema Muna. "Tulitaka tukwambie siku ya akika, Baba. Ukishalitamka."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulistahiki. Akampigia simu ya picha bibi yule, akanipa. Kwa hiyo haya nimeyaona: mwanamke mwenye nywele nyeupe, amevaa sweta la kijani, kikombe mkononi. Tukasalimiana kwa Kiingereza changu cha skuli. Nikamshukuru, kisha nikarudia tabia yangu: nikamuuliza kama anajua maana ya jina lake.

Akafikiri. "Sijui," akasema. "Alikuwa nalo shangazi wa mama yangu. Waliponiita, nilikuja."

Sikumtajia nguruwe. Katika kisa hiki chote, huo ndio uungwana pekee nilioufanya bila ya kusukumwa.

Basi nyinyi mnaosoma, hasa wenzangu wenye rafu za vitabu, tahadharini. Kamusi haikuwepo hospitalini. Aliyeiandika hakumjua mgonjwa wala jirani. Naye alihadithia yale aliyohadithiwa na waliomtangulia, na mimi nikayaita ushahidi kwa kuwa yalikuwa na jalada gumu. Mkiletewa jina msilolijua, muulizeni aliyelileta kalipata kwa nani, na mngoje ajibu. Wala msisimame mbele ya watu kuchekesha kwa jina la mtoto. Kicheko cha wageni kilikwisha kabla ya kahawa, na mimi nimekilipia kwa hatua za kwanza za mjukuu wangu.

Kama Muna amenisamehe, sijui. Harith anasema ndiyo, lakini hayo ni ya kuambiwa. Kwamba mtoto atanipenda, mke wangu ndiye anayedai hivyo, na yeye hupenda kunifurahisha baada ya kuniudhi. Hayo yote nayaacha mpaka niyaone.

Ninaloweza kulitolea ushahidi ni hili. Pale Sur, kabla ya adhana ya adhuhuri, niliketi sakafuni nyuma ya mtoto aliyekuwa akipiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Nikamwita kwa jina lake, Averil, mara moja, bila ya kupaza sauti. Kijiko kikasita, akageuka.