Mkono wa Mume Wangu kwenye Karai la Maziwa

Karai lililetwa kwa mkokoteni Jumatano ya pili ya mwezi Machi, kabla mtaa wetu wa mafundi, Gerezani, haujachangamka. Lilikuwa la stenlesi, la kuchemshia maziwa, nalo lilitengenezwa lisimame kwa miguu mitatu ya chuma cha kawaida. Asubuhi ile lilikuwa na miwili. Wa tatu mwenye karai aliushika mkononi, ameufunga kwa gazeti kama samaki.

Alikuwa mzee wa Kihindu anayetengeneza vitamutamu vya Kihindi, ladu na barfi, huko Kisutu, mteja wa mume wangu kwa miaka mingi. Kwenye msiba wa mume wangu alisimama mbele ya watu akasema hajapata kuona fundi mwaminifu kama yule.

“Maziwa yote chini, mama,” alisema. “Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. Bahati tu aligeuka kuchukua sukari.” Akaufungua mguu. “Nani alichomelea hapa? Wewe au marehemu? Nataka makarai mengine mawili, lakini mkono huu hautagusa tena chombo cha jikoni kwangu.”

Sikuhitaji kutazama mara mbili. Mawimbi ya mshono yalikuwa yamebanana na kuegemea upande mmoja, kwa sababu mume wangu alishika tochi ya kuchomelea kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mshono mzuri. Katikati yake ulipita ufa mwembamba kama unywele.

Mume wangu alifariki Ijumaa ya mwisho ya Agosti, na Januari iliyofuata nilijiandikisha darasa la jioni la kuchomelea kwa TIG, yaani kwa umeme na gesi. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa mama wa watoto watatu, kwa hiyo kukaa na vijana darasani hakukunitisha. Mwalimu wangu aliniamkia shikamoo kila jioni, kisha akanikaripia kila nilipochovya tangsteni, ile sindano ya tochi inayotoa moto, kwenye chuma kilichoyeyuka. Alitufundisha kuinoa tangsteni kwa urefu wake, na kutogusa kamwe ncha yenye rangi, kwa maana bila rangi ile huwezi kujua ni ya aina gani. Kuhusu fila, yaani ule waya mnyoofu wa kujazia kiungo, alitaka tuulize kwanza metali zote mbili zinazokutana. Stenlesi kwa stenlesi, namba 308. Stenlesi kwa chuma cha kawaida, 309. Ukikosea, alisema, mshono utapendeza machoni, kisha utakakamaa na kupasuka siku usiyoitarajia. Namba yenyewe imegongwa kwenye mwisho mmoja tu wa fila.

Jioni aliyotufundisha hilo nilipitia bandani kukagua fila za mume wangu. Mume wangu alikuwa na desturi ya kukata kila fila katikati ili isimyumbie mkononi, na nusu zote nyeupe, yaani za stenlesi, alizichanganya katika bomba moja la plastiki. Nusu ya kila fila haikuwa na namba. Tangsteni zake nazo nilizikuta zimenolewa pande zote mbili.

Tangu hapo nilinunua fila nzima Kariakoo, nikazisoma moja moja juu ya kaunta.

“Mama, unasoma fila kama unasoma Biblia!” muuzaji alinitania.

“Biblia yangu haijakatwa nusu,” nilimjibu.

Basi asubuhi ile ya karai, fundi wa banda la jirani, rafiki wa mume wangu tangu ujana, alinivuta nyuma ya mtungi wa gesi.

“Shemeji, sema ni wewe. Sema ulikuwa unajifunza. Atafoka, yataisha. Ukisema ni yeye, Kisutu nzima itajua kabla ya chai.”

“Na nikisema ni mimi, nani ataniletea kazi?”

“Nitakupa mimi.”

“Ya kukushikia chuma?”

Hakucheka. “Mwenzako yuko kaburini, shemeji. Hawezi kujitetea.”

Neno lile lilinichoma, na bado linanichoma. Lakini sikusoma jioni zote zile ili niitwe mwanafunzi aliyeharibu kazi ambayo sikuigusa. Nilirudi kwa mzee.

“Ni mkono wa mume wangu,” nilimwambia. “Fila aliyotumia si ya kuunganisha metali hizi mbili. Alikuwa akizikata, namba inapotea.”

Alipitisha ukucha juu ya ufa. “Alijua?”

“Hakujua.”

Nilijibu haraka mno. Mara nyingi nilikuwa nimemwona akitoa nusu mbili za fila bombani, akizigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akachukua mojawapo. Mtu asiyejua kwamba kuna tofauti hana sababu ya kuzigeuza. Hilo sikumwambia mzee, wala sijamwambia mtu mwingine.

“Basi tengeneza mbele yangu,” alisema.

Miguu miwili iliyobaki ilikuwa na mshono ule ule, hivyo sikuwa na budi kuiondoa yote. Jirani alipoona nimeshika grainda alizima redio yake akanipa mgongo. Nilisaga hadi mawimbi yote yakaisha na chuma kikabaki kitupu. Nikanoa tangsteni, nikasoma 309 kwa sauti ili mzee asikie, nikashusha kofia usoni. Mishono yangu si mizuri kama ya mume wangu. Imepanuka hapa, imebanana pale. Lakini mzee alipoliegemea karai kwa uzito wake wote, halikutikisika.

“Makarai yangu mawili utayatengeneza wewe,” alisema. Alikwishamwita mwenye mkokoteni alipogeuka tena, na safari hii alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. “Mama, nina vyombo vingine alivyonitengenezea. Meza, kabati la maziwa, ngazi ya stoo. Nifanye nini navyo?”

Mafundi wa mabanda yote mawili ya pembeni walikuwa wakisikiliza.

“Vilete,” nilisema. “Vilete vyote.”