Funga Kwanza, Ndipo Uachie

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaani Umoja, mwanangu, miaka ya tisini, nilipokaribia kumuua mama yako nawe ukiwa tumboni, miezi saba. Nasema wazi kwa sababu hofu ile haijaniisha.

Nilikuwa tarishi mwenye pikipiki, majivuno yangu yakiishinda mwendo. Breki ya nyuma ilikuwa imeingia hewa. Ukikanyaga, pedeli inazama. Mzee Musyoka, jirani yetu aliyeendesha lori, alinielekeza: mmoja akanyage pedeli, mwingine afungue kiskurubu kule kwenye gurudumu, mafuta ya breki yatoke na hewa yake.

"Lakini kijana, funga kwanza ndio umwambie aachie. Ukikosea, inavuta hewa tena."

"Najua, mzee," nikamjibu. Sikujua. Kuuliza si ujinga, ila ujana una aibu zake za kipumbavu.

Mama yako alikanyaga. Nikafungua, povu likatoka, nikafurahi.

"Sasa niachie?"

"Achia tu!" Na kiskurubu bado kiko wazi. Tulirudia hivyo mara nne. Kisha nikaipiga pedeli harakaharaka mpaka ikakaza, nikasema imepona.

Tukatoka kwenda kliniki. Kwenye mteremko wa kokoto kule Mowlem nikakanyaga, mguu ukashuka mpaka mwisho, hakuna kitu. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anavuka na beseni la mboga za sukuma kichwani. Breki ya mbele niliogopa kuibana. Kwenye kokoto ingetuangusha. Mama yako alinikumbatia kwa nguvu, tumbo lake mgongoni mwangu, nawe ukapiga teke. Nililia kwa sauti, mwanangu, mtu mzima mimi.

Kando ya njia palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi. Nikaliparamia, tukazama humo, pikipiki ikazima. Mama yako alishuka polepole, akashika tumbo, akangoja. Ulipocheza tena ndipo akaniuliza, "Kwani mzee alisema niachie saa gani?"

Nikainama kuichimbua pikipiki mchangani.

Leo nasikia nawe umenunua pikipiki. Mdharau mwiba mguu huota tende. Pedeli iliyokaza kwa kupigwapigwa usiiamini. Ingojee kidogo, uikanyage tena. Usiseme "najua" na hujui, hasa aliyekaa nyuma yako akiwa amekuamini. Funga kwanza, ndipo uachie. Na siku utakapokosea, maana utakosea, Mungu akuwekee mchanga kando ya njia.