Benchi la Akina Mama Pembeni mwa Ulingo

Kuna siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso unaniwaka, na mvi zote hizi hazijanisaidia kitu. Sikuwa na mpango wa kumsimulia mtu. Lakini jana niliwasikia wewe na wenzako pale kwenye kituo cha pikipiki, mkibishana mpaka mmoja akataka kumnyang'anya mwenzake simu. Mlikuwa mnaulizana kama Wamarekani wanafuatilia ngumi za Waingereza, zile za wao kwa wao, za kugombea mkanda wa nchi yao. Huyu anasema wanafuatilia sana kwa kuwa lugha yao ni moja, yule anasema hawana hata habari. Mimi nilipita zangu kimya, nanyi mkadhani mzee hajui ndondi. Jibu la swali lenu ninalo. Nililipata nikiwa nimevimba jicho.

Nilikuwa bondia wa Kadutu, hapa hapa Bukavu. Usinitazame hivyo, tumbo hili lilikuja baadaye. Tulikuwa na sale, yaani ukumbi wa mazoezi, wa mabati juu kule mlimani, ulingo wa mbao ambao ulilia kila ukikanyagwa, na kamba za kufungia mizigo. Mwalimu wetu alikuwa Papa Cirhuza, sisi tukimwita Metre, mtu wa maneno machache ambaye hata kikohozi chake tulikielewa. Jumapili kadhaa, baada ya misa, palifanyika gala ya ngumi, na watu walipanda kutoka Nyawera na hata Muhumba kuja kutuona.

Sasa nikueleze desturi yetu, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo. Mazoezini tulikwenda na njaa na kurudi na njaa zaidi. Waliotulisha ni akina mama wa soko la Kadutu. Kila bondia alikuwa na mama yake pale sokoni, aliyemwekea sahani, leo bugali na sombe ya majani ya muhogo, kesho bugali na samaki, na hakuna aliyedai chochote. Kwa hiyo siku ya gala, benchi la mbele kabisa, lile lililogusana na ulingo, lilikuwa lao. Padri alikaa nyuma ya benchi hilo. Mkuu wa mtaa alikaa nyuma ya benchi hilo. Akina mama walikaa pale na vitenge vyao na kutupigia kelele, na kelele yao ilikuwa nusu ya ngumi zetu. Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja, nikichoka nashusha mikono bila kujua. Metre alipigana na ugonjwa huo mwaka mzima akashindwa. Aliyeuweza ni mama yangu, aliyekuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja na rafiki yake Maman Nsimire. Wakiona tu mikono inateremka walipaza sauti pamoja: "Mikono, mutoto! Mikono!" Nayo ilipanda yenyewe.

Basi ikaja Jumapili ile. Nilikuwa nipambane na kijana mmoja wa Bagira, na mshindi ndiye angekwenda kupigana Kinshasa kwa jina la mji wetu. Kadutu ilikuwa haijawahi kumpeleka mtu. Hilo ndilo lililowanyima usingizi Metre na soko zima. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine. Mdogo wake baba, Tonton Dezire, alikuwa amerudi kutoka Amerika kwa ajili ya harusi ya binti wa ukoo, na mtu yule alikuwa mgonjwa wa ndondi. Kila mazungumzo yake yaliishia ulingoni. Nikajiambia: Tonton akinipenda, atakwenda kunisema kule. Kinshasa ni ya nini kwa mtu ambaye Amerika itamsikia?

Mwanangu, tamaa ikikuingia huioni, unaona ni akili tu. Mimi nilijiona mwenye akili sana. Asubuhi ile nilikwenda sale kabla ya watu, nikaazima viti vya sofa kwa jirani, vile vyekundu vya sebuleni, na meza ndogo yenye maua ya plastiki. Nikalitoa benchi la akina mama. Nilitaka Mwamerika wangu akae mahali panapofanana naye, na sikutaka, nakuambia ukweli mtupu, sikutaka akae karibu na harufu ya sambaza. Mama yangu mwenyewe, mwanangu. Mikono iliyonuka samaki kwa sababu yangu.

Metre aliingia akaviona vile viti. Akakohoa.

"Bamama bataikala wapi?"

"Kwa nyuma, Metre. Ni juu ya leo tu. Tuko na mugeni."

"Miye siko naona mugeni," alisema. "Niko naona benchi inje."

Nilipangusa vumbi kwenye sofa. Akaenda kufunga kamba zake, kwa maana kazi ilikuwa nyingi na watu walishaanza kuingia. Akina mama walipofika, ndani palikuwa pamejaa hadi ukutani, na nyuma hapakuwa na pa kuweka hata mguu. Niliwaendea mlangoni nikiwa nimevaa glavu tayari. Niliwaambia wakae pale nje, kwa dirisha la ubavuni, wataona vizuri tu. Maman Nsimire alinitazama tangu kichwani hadi kwenye viatu, yeye aliyekuwa na ulimi mkali kupita wote sokoni. Mama yangu alisema tu, "Sawa, mwanangu," akawavuta wenzake. Natamani hadi leo angenipiga kofi.

Tonton akaja, akaketi kwenye sofa, akatazama huku na huku.

"Na maman yako iko wapi?" akaniuliza.

"Iko kwa soko. Atakuya."

Nilisema hivyo huku mama yangu akiwa amesimama upande wa pili wa ukuta. Na kabla sijapanda ulingoni, mvua ikaanza. Wewe unazijua mvua zetu za Bukavu na unayajua mabati. Ndani ya sale mtu alikuwa akimpigia jirani yake kelele sikioni ili asikike.

Raundi ya kwanza nilipiga vizuri. Kijana wa Bagira alikuwa mzito, mwenye subira, na mimi nilikuwa mwepesi. Ningeendelea hivyo, leo ungekuwa unaongea na mtu aliyefika Kinshasa. Lakini kila nikirusha ngumi nilichungulia sofa nione kama Tonton anaitikia kwa kichwa. Raundi ya pili nikaamua kumpa Amerika yake. Kwenye kaseti za video tuliwaona mabondia wa kule wakicheza kwa miguu na kuwadhihaki wenzao kwa mabega, nami nikaanza kucheza. Watu wachache walicheka. Nikacheza zaidi. Nikachoka, na mikono, kama kawaida yake, ikashuka.

Nilijua imeshuka, baadaye. Wakati ule nilihisi tu kwamba kuna kitu kinakosekana, kwamba pale pembeni palipozoea kunipigia kelele pana kimya, meza na maua ya plastiki. Mkono wa kushoto wa yule kijana sikuuona ukija. Nikajikuta nimekaa. Refa alihesabu, nikasimama, nikapigwa tena palepale. Metre akarusha taulo. Hakuna aliyenizomea, na heri wangenizomea. Watu wa Kadutu walianza kutoka nje kwenye mvua, kama wanaotoka kwenye kilio.

Tulikuwa na chumba kidogo nyuma, cha kuvulia nguo. Metre alinifungua glavu, akazitundika, akatoka. Hakukohoa hata. Tonton akaingia, akakaa karibu yangu, akanipa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mtu mwema yule, sina la kumlaumu. Na mimi, kwa ujinga ambao hata kipigo kile kilikuwa hakijautoa, nikamuuliza kama bado, pamoja na yote, anaweza kusema neno juu yangu kule.

Alicheka kidogo, kisha akaona sitanii.

"Nikuambie kitu," alisema. "Unajua Baingereza? Batu ya ngumi kabisa. Beko na mabondia, beko na mukanda yabo ya inchi, kila mwisho ya juma banapigana. Kule Amerika nani anaangalia? Miye, na mutu moja yenye tunatumika naye kazi moja, na bengine ba wazimu sawa sisi. Bale bengine banamujuaka Mwingereza siku anakuya kupiga mutu yabo. Kabla ya ile siku, hata jina yake habajue."

"Hata hao?"

"Hata hao. Na bo beko bafukara, beko na lugha ingine? Hapana. Sasa weye wa Kadutu, nani atakuangalia?"

Niliinamisha kichwa. Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anafika penyewe.

"Lakini Baingereza banalia? Habalii hata kidogo. Nilifikaka kule kwa Baingereza mara moja, katika muji moja mudogo. Bondia alikuwa mutoto wa pale. Batu ya avenue yake yote balikuya, beko naimba jina yake mpaka sauti inakatika. Hakuna Mwamerika hata moja ndani, na hakuna mutu alikuwa anakumbuka Baamerika. Nikasema, huyu mutoto hata akishindwa, hajashindwa yeye peke yake." Akaniangalia. "Weye leo nilikuonea huruma. Muji muzima yako, na hakuna mutu alikuimbia. Hauna batu?"

Nilikuwa bado natafuta uongo mwingine mlango ulipofunguliwa. Akaingia mama yangu, na Maman Nsimire nyuma yake, wamelowa hadi vitenge vimeshikana na miguu. Mama alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa, ameikinga tumboni isipate maji. Maji yalimtiririka usoni, na sahani ilikuwa kavu.

Tonton aliruka juu. "Maman! Banasema uko kwa soko!"

Mama alinitazama. Alielewa yote kwa mara moja, niliona akielewa. Akasema, "Ndiyo, nilikuwa kwa soko. Mvua ilinikuta njiani." Alinifunika, mwanangu. Mbele ya mgeni wangu alichukua uongo wangu akaufanya wake. Kisha akaweka sahani magotini pangu.

Maman Nsimire hakuwa na moyo wa namna hiyo, na hakupaswa kuwa nao.

"Hapana," alisema. "Tulikuwa kwa dirisha. Tangu mwanzo. Tulikuita, mikono, mikono, mpaka miye sauti ilikauka. Mvua ilikuwa mingi, haukusikia." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Hatuko na hasira juu ya benchi. Benchi ni mbao. Yenye inauma ni kuona ile ngumi inakuya, sisi tunaiona, na hatuna fasi ya kukuambia."

Akatoka. Tonton alibaki amesimama. Alimtazama mama na maji yake, akanitazama mimi na sahani yangu, kisha akavua koti lake akamvisha mama mabegani. Wakatoka pamoja wakaniacha na bugali na sambaza ambazo sikuweza kuzimeza. Nililia pale, na sikulilia Kinshasa.

Jumapili iliyofuata nilibeba benchi kichwani, nikalizungusha kwanza katikati ya soko, watu wote wakiona, kisha nikalirudisha mahali pake. Nilikwenda kwa kila mama mezani kwake kuomba msamaha. Mama yangu alisema alishasahau, na huo ulikuwa uongo wake wa pili kwa ajili yangu. Wengine walinicheka wakanisamehe. Maman Nsimire pia alinisamehe, aliniuzia na kuniongezea kama zamani, alikuja hata kwenye harusi yangu akacheza. Ila sale ya ngumi hakuingia tena. Nilipigana miaka mingine kadhaa, nikashinda na kushindwa, na kila mara kwenye benchi lile nafasi yake ilibaki, wenzake hawakuikalia. Nilimwomba mpaka nikaogopa kumwomba. Amekufa bila kurudi. Kuna msamaha unaopewa kabisa, mwanangu, na bado kitu ulichovunja kikabaki pale pale.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Kuangalia mabondia wa mbali si dhambi; mimi mwenyewe bado naangalia, na nikikuta simu yako bure nitaiazima. Kutaka kufika mbali pia si dhambi. Lakini usiishi kwa ajili ya jicho la mtu ambaye hajui kama umekula leo. Wale wa mbali, wakija kukutazama watakuja siku umeshakuwa mkubwa, na watakuja kumtazama aliyefika, sio wewe uliyekuwa njiani. Anayekutazama njiani ni mwingine, na mara nyingi ananuka samaki, na mara nyingi unamwonea haya mbele ya wageni. Ukipata mgeni, mkaribishe vizuri, mtafutie kiti, lakini kiti hicho usikitoe chini ya mtu aliyekulisha. Na mgeni akikuuliza mama yako yuko wapi, mshike mkono umpeleke.

Kama una mtu uliyempeleka dirishani, na katika umri wako huenda yupo, usingoje siku nyingine. Nenda leo, wakati bado anaweza kurudi.

Mungu akupe mikono isiyochoka, mwanangu. Akupe chakula na watu wa kula nao. Akufikishe kule unakotamani, nami niwe hai nikusikie. Na kabla hujapanda popote, akufungue macho umwone aliyesimama mvuani kwa ajili yako, umwingize ndani kabla hujapigwa.