Alasiri Baba Alipojisogeza Barazani

Juzi mjukuu wangu aliniuliza maana ya “cede”, kitenzi cha Kiingereza alichokikuta katika kitabu cha historia, na mara nikasikia harufu ya muhogo wa kuchoma.

Alasiri ile, uhuru ukikaribia, kwetu Kisauni, Baba alikuwa ameshusha bendera nyekundu ya Sultani. Mzee Karisa, jirani yetu Mgiriama, akaja na kapu la muhogo. Siku zote alizungumza na Baba akiwa amesimama uani. Siku hiyo Baba alijisogeza pale alipokaa barazani, akamketisha kando yake, wakala wakinong'ona. Nikashuku Baba amehongwa aishushe bendera.

“Baba, tumeshindwa?”

“Kwa Kizungu wasema ‘cede’, mwanangu. Sultani ameiachia serikali ya uhuru Mwambao wetu wa pwani.”

“Si ndiyo kunyoosha mikono?”

Mzee Karisa akacheka. “Mikono ya babako imejaa muhogo, atainyoosha vipi?”

Nilikataa kula, na tangu hapo nikawa namwamkia yule mzee shingo upande.

Mzee Karisa alikuwa keshazikwa nilipofundishwa sekondari kwamba asili ya kitenzi kile ni Kilatini, nacho kilimaanisha kusogea ukampisha mwenzio. Nilikuwa nimekiona kwa macho yangu barazani petu, nikadhani ni njama.