Nani Aliyegusa Dripu ya Mwalimu

Mume wangu ni fundi bomba, na mke wa fundi bomba hajui utulivu. Tukienda kwa watu kutoa pole, yeye sikio lake liko kwenye choo cha wenyeji kinachovuja. Tukialikwa harusini, maharusi wanaingia naye hayupo, yuko nyuma ya ukumbi amepiga magoti mbele ya koki ya watu. Miaka ishirini na sita nimemkemea kwa hilo, na miaka hiyo hiyo nimejisifia mikono yake mbele ya wenzangu. Naanza na hili ili ijulikane mapema kwamba tabia yake naifahamu.

Mikono hiyo ndiyo iliyotupeleka hospitali. Baridi yabisi ilimkaa kwenye vidole vikavimba, akashindwa kushika spana, ikawa kila asubuhi mimi ndiye namfunga vifungo vya shati. Vidonge alimeza vya kila rangi. Mwishowe daktari akasema tujaribu dawa ya kingamwili, inayotengenezwa maabara na kuingizwa mwilini kwa dripu. Alitueleza kwamba ndani ya mwili wa Fundi kuna walinzi waliochanganyikiwa, wanampiga mwenye nyumba badala ya mwizi, na kwamba dawa hii inawafuata hao hao na kuwaondoa. Angepewa mara mbili, wiki mbili katikati. Ile ya kwanza ndiyo ndefu, akasema, na ndiyo ya kuangaliwa sana.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti vinne vya kuegemea na saa kubwa ukutani. Sista wa pale alikuwa mdogo kuliko binti yangu, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Alimuuliza Fundi kama ana homa, kikohozi au kidonda, kama amechanjwa karibuni, kama amewahi kuugua ini, kama kuna dawa inayomdhuru, kama asubuhi ile amemeza kidonge cha presha. Fundi akajibu hapana mfululizo, kama mtu anayefukuza nzi. Nikamkumbusha jino lililotunga usaha mwezi uliopita, akanitazama kama nimemchongea. Sista akalimulika kwa tochi, akasema limepona, ila tungelificha na halijapona dawa ingemletea balaa. Nilijiona mke wa maana siku hiyo.

Akapewa vidonge vya kutuliza mwili kwanza, kisha dripu ikatundikwa. Sista alihesabu matone huku akitazama saa yake ya mkononi, akizungusha kile kigurudumu kidogo kwenye mpira kinachopunguza na kuongeza matone, hadi akaridhika. Akasema ataongeza mwendo mwenyewe kila nusu saa, kidogo kidogo, kwa sababu mara ya kwanza mwili unaweza kugoma.

“Ukiwashwa, ukitetemeka, koo likibana, niiteni hapo hapo. Msione haya,” alisema. “Na hiki hakiguswi na mtu ila mimi.”

Kwenye kiti cha pili alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, ana saratani ya tezi za limfu. Dawa yake ilikuwa ile ile ya Fundi, maana kwake walinzi hao hao ndio waliogeuka saratani, na kwake pia ndiyo mara ya kwanza. Alikuja peke yake na rundo la madaftari na kalamu nyekundu. Tulizoeana mara moja. Alilalamika kwamba kwa matone yale tutahamia pale na vitanda vyetu, tukacheka, kisha vidonge kama vya Fundi vikamlegeza akalala na daftari kifuani.

Sista aliitwa chumba cha pili. Fundi alikuwa hajaondoa jicho kwenye mpira wa Mwalimu tangu tulipokaa. Akaninong'oneza kwamba koki ile imebanwa mno, mama wa watu atachelewa bure. Mpira wake mwenyewe ulikuwa upande asioufikia, huu ulikuwa katikati ya viti viwili. Akanyoosha kile kidole chake kilichovimba, akakizungusha kigurudumu kidogo tu, kwa ustadi, akasema Mwalimu ataamka akute kazi imekwisha. Mimi nilicheka. Nilimwambia hata hospitali hawajasalimika naye. Haikuchukua dakika tano, naye vidonge vikamchukua, akaanza kukoroma.

Mwalimu alianza kutetemeka akiwa usingizini. Kalamu ilianguka. Uso ulikuwa umemvimba, akafumbua macho akitafuta pumzi na mkono wake shingoni. Nikasimama, nikakirudisha kigurudumu pale kilipokuwa, nikamwita sista kwa sauti, nikamfunika Mwalimu kwa mtandio wangu. Sista alikuja mbio. Alitazama matone, akafunga dripu, akamchoma sindano, wenzake wakaja na hewa ya oksijeni. Aliniuliza kama kuna mtu aliyegusa. Nikasema hakuna.

Fundi alipoamka kiti cha pili kilikuwa kitupu, nikamwambia mwili wa Mwalimu umegoma, amepelekwa wodini. Hakuuliza lolote mpaka tulipofika nyumbani. Hapo akakaa kwenye kiti cha jikoni na viatu vyake miguuni, akasema lazima arudi akaseme alichofanya. Nikamwambia anyamaze. Mama wa watu amepona, nilisema, na wao wakijua watakunyima dawa, urudi kwenye vifungo vya shati. Kwamba nilikirudisha kigurudumu sikumwambia.

Siku tatu baadaye Mwalimu alinipigia simu. Namba yangu aliiomba kwa sista, kusudi anishukuru. Aliniita mdogo wangu, akasema ule mtandio ameufua na atanirudishia mkononi. Kisha akaniambia daktari anafikiria kumwachisha ile dawa kabisa. Matone yalikuwa ya polepole na bado mwili uligoma vibaya, basi ni hatari kurudia. Dawa nyingine mbili alishajaribu zikashindwa, hii ndiyo aliyokuwa ameitegemea. Nikamjibu Mungu ana njia zake. Nilimsukumia Mungu neno ambalo lilikuwa ndani ya mdomo wangu, na nikakata simu.

Siku ya kurudi tulimkuta Mwalimu kwenye kile kile kiti, bila dripu, anasubiri uamuzi. Mtandio wangu ulikuwa mapajani mwake, umekunjwa vizuri na kupigwa pasi. Daktari alipoingia, Fundi hakunitazama. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akasema yote: alikifungua yeye, hakuambiwa na mtu, na kama ni kunyimwa dawa wamnyime.

Daktari akafungua faili. Sista akasema hapana, yeye mwenyewe aliyatazama matone kabla ya kufunga, yalikuwa vile vile alivyoyaacha. Daktari akamwambia Fundi kwa upole kwamba kosa amefanya kubwa, lakini huenda kigurudumu hakikusogea, vidole vyake havina nguvu. Uamuzi haubadiliki, Mwalimu ataachishwa dawa. Nikaona mabega ya mume wangu yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mwalimu akainamisha kichwa, akaanza kuunyoosha mtandio ambao tayari ulikuwa umenyooka.

Ningeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua.

“Kilisogea,” nilisema. “Nilikirudisha mimi.”

Daktari aliweka faili chini. Aliniuliza kilifunguliwa kiasi gani na kwa muda gani, nikamjibu nikiitazama sakafu, naye akaandika. Akasema basi habari ni nyingine, Mwalimu anaweza kujaribiwa tena, taratibu kuliko mara ya kwanza, yeye akiwa pembeni. Sista alinitazama tu, na mimi mtu mzima nilitamani anitukane.

Fundi alikuwa amekaa, ameshika kofia yake, ananitazama kama mgeni. Mwalimu ndiye aliyesema, bila ukali, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kuuliza watoto.

“Mimi nilikuwa nakosa pumzi, mdogo wangu. Ulianza na lipi? Kumwita sista, au kigurudumu?”

“Kigurudumu,” nikasema.

Akaushika mtandio kwa mikono miwili, akanirudishia.