Konsatina Nyuma ya Migomba

Nakumbuka jioni moja ya mvua, mwanangu, baba yangu alipokataa katakata kuingia nyumbani kwangu. Nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, na mlango wa nyumba yangu pale Manga ulikuwa bado unanuka rangi. Mzee alikuja kuuliza habari za ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, mvua ikamkuta ukutani. Nikafungua mlango, nikamshika mkono nimvute ndani. Nilikuwa nimesoma, unajua, na nilijiona mjanja kuliko mila za kwetu. Kwetu Gusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita chinsoni, ile haya ya heshima iliyopo kati ya mzee na mke wa mwanawe. Baba aliuchomoa mkono wake.

“Mjinga wewe,” akasema, maji yakimchuruzika kofiani. “Nani amekuambia natafuta kiti? Mimi siingii. Lakini sauti yangu naweza kuiingiza. Mwambie mke wako asogee karibu na ukuta, tuongee.”

Basi wakaongea. Mzee alikuwa nje chini ya ukingo wa paa, na Moraa, mke wangu, alikuwa ndani akichochea moto. Akamwuliza habari za kwao, za mama yake, za mguu wa mama yake uliokuwa ukimsumbua, mpaka Moraa akacheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale. Mimi nilisimama mlangoni kati yao, nimenuna, nikiona kwamba wazee wana tabu za kujitakia. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kuwachekesha watu.

Sikukielewa mpaka juzi hapa, nami nimeshazeeka.

Kijana wetu wa kwanza, Ombati, alifia barabarani karibu na Keroka. Tulimzika hapa nyumbani. Alimwacha mke, Kwamboka, na mtoto mdogo wa kike. Huyu Kwamboka ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani kwetu. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unaacha kukohoa. Baada ya mazishi alinyamaza. Anapika, anachuma chai, anampeleka mtoto shule, ukimsalimu anakujibu, lakini kuimba hakuna, na kwaya ameiacha. Moraa akienda kwake huambiwa, “Niko sawa, mama.” Kisha tukasikia kwamba kaka zake wa Kenyenya wangekuja baada ya mavuno ya mahindi kumrudisha kwao, na kwamba yeye hakuwakatalia.

Iliniuma sana. Nilitaka ajue kwamba hapa ni kwake, na kwamba hakuna anayemwona kama mgeni aliyesahaulika. Kwenye kikao cha wazee nilikuwa nimelisema hilo, nimesimama, nimevaa koti, naye amekaa mbali ameinamisha kichwa. Lakini maneno ya kikao unayajua. Yeye ndiye mtu aliyempenda Ombati kama nilivyompenda mimi, na nyumbani kwake nisingeweza kwenda kuketi hata dakika moja.

Sasa nikueleze konsatina ilivyoingia hapa. Siku ya soko Keroka niliiona juu ya turubai la mwuza mitumba, imelala kati ya pasi na redio mbovu. Ni kinanda kidogo cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe kila upande na tumbo la ngozi linalokunjuka katikati. Sikuwa na mpango wowote. Mikono yangu ilitaka kitu cha kushika, basi. Moraa aliponiona nacho aliniuliza kama ndiyo sukari niliyotumwa.

Masomo niliyapata kwenye simu, ambayo alininunulia Ombati mwenyewe. Mwalimu alikuwa mama mmoja Mzungu mwenye miwani, anafundishia jikoni kwake, huko aliko. Ni mwalimu mzuri, sitamsema vibaya. Alinifundisha kupitisha mikono kwenye mikanda. Alinionyesha kwamba kitufe kimoja kina sauti mbili, moja ukisukuma na nyingine ukivuta, na kwamba kipo kimoja cha kidole gumba kisicholia kabisa, kazi yake ni kupitisha hewa tu. Hicho cha mwisho nilikidharau. Kila somo likiisha mama huyo hutabasamu na kusema, “Vizuri sana! Umeendelea mno!” Siku moja alinisifu hivyo nami konsatina sijaitoa hata kwenye mkoba wake, nilikuwa nakunywa chai. Hapo ndipo iliponiingia akilini kwamba mwalimu wangu hanisikii.

Nilifanyia mazoezi nyuma ya jiko letu, mahali ambapo migomba inatutenga na jiko la Kwamboka. Usidhani nilikuwa na hila. Moraa alikuwa amenifukuza barazani. Wimbo niliojaribu ulikuwa mmoja wa nyimbo alizokuwa akiongoza Kwamboka kanisani, kwa sababu ndio niliokuwa nao kichwani. Mstari wa kwanza ulinikubali. Wa pili ukanitoa jasho. Kila nikifika katikati, tumbo la konsatina limeshakunjuka lote, halivutiki tena, nami nakazana kuvuta, na sauti inayotoka ni ya ndama aliyebanwa na mlango. Narudia, ndama. Narudisha somo kwenye simu, nautazama mkono wa yule mama, vidole vyangu viko sawasawa na vyake. Najaribu tena, ndama yuleyule. Jirani mmoja alituma mtu kuuliza kama tunahitaji daktari wa mifugo.

Siku nyingi zilipita hivyo. Halafu mchana mmoja Kwamboka akaimba.

Alikuwa upande wa pili wa migomba akiosha vyombo. Nilisikia sufuria zikigongana, kisha kimya, kisha ule mstari wa pili, mzima, unavyotakiwa kuwa. Hakuuimba kwa utamu. Aliuimba kwa hasira, kama mtu aliyechoka kuona nguo imeanikwa nje ndani. Nikarudia, nikakwama. Akauimba tena kwa nguvu zaidi, na kabla ya lile neno refu nikamsikia akivuta pumzi.

“Tata!” akaita. Hilo, yaani baba, ndilo jina analoniita siku zote, ila hakuwahi kuliita kwa sauti namna hiyo. “Pumua, jamani! Unakata neno katikati. Pumua kabla hujalifikia!”

“Nitapumuaje na hiki ni kinanda?”

“Mimi sijui. Kwani hakina pua?”

Nikakitazama. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kile kitufe kisicholia. Mstari wa kwanza ulipoisha nikakibonyeza, nikalikunja tumbo taratibu bila mlio, hewa ikatoka, ndipo nikauanza wa pili. Ukapita. Kwamboka akaimba pamoja nami mpaka neno la mwisho, na kwenye neno hilo sauti yake ikakatika, akalia. Mimi pia nililia, mwanangu, huku upande wangu. Hatukuonana, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Tulikuwa hatujamlilia Ombati pamoja tangu siku tuliyomzika.

Kesho yake saa za vyombo nikasikia, “Tata, leo hakuna shule?” Nikaenda mbio kuchukua konsatina. Ikawa hivyo kila siku, yeye kule na mimi huku. Akinikosoa hanionei huruma, na nikipatia hanisifu, ananipa tu mstari unaofuata. Moraa alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Siku moja aliniletea uji akasema, “Leo wewe ndiye umesimama mvuani.” Sikumwelewa mara moja. Halafu nikamkumbuka baba chini ya ukingo wa paa, kofia imelowa, anaulizia mguu wa mama yake Moraa, na nikatamani angekuwa hai nimwombe radhi.

Kaka zake Kwamboka walikuja mahindi yalipokwisha kuvunwa. Tuliwaandalia viti uani. Nilikuwa nimejiambia kwamba akitaka kwenda aende na baraka zangu, kwa maana maisha ni yake, lakini chai yangu niliikoroga mpaka ikapoa. Kaka mkubwa akamwuliza kama amefunga mizigo.

“Bado,” akasema Kwamboka. “Kuna mtu namfundisha. Yuko katikati ya wimbo, siwezi kumwacha hapo.”

“Mtu gani huyo?”

Hakunitazama, heshima haimruhusu. Lakini kaka yake alinitazama mimi, akaitazama konsatina iliyokuwa juu ya stuli, akaelewa.

“Na akiumaliza?”

“Nyimbo ziko nyingi,” akasema Kwamboka, na akaenda kuwaongezea wageni chai.

Mwanangu, wewe unajifunza mambo yako kwenye simu, na ni vyema, endelea. Yule mama wa miwani bado ni mwalimu wangu na asubuhi hii nimemtazama tena. Ila usijifungie mpaka uwe hodari ndipo utoke. Fanyia mazoezi mahali ambapo mtu wa karibu atakusikia ukikosea, hata kama unalia kama ndama, kwa sababu huyo atakuambia kile ambacho simu haiwezi kukuambia, na huenda naye alikuwa akikuhitaji. Na ukiona heshima, au mila, au ugomvi wa zamani umekufungia mlango wa mtu unayemjali, usiubomoe mlango wala usiondoke. Simama hapo ukutani uzungumze. Usisubiri uzeeke kama mimi ndipo ulijue hilo.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kujaribu. Akupe mtu upande wa pili wa migomba, na siku sauti yake itakaponyamaza akupe moyo wa kuanza wewe, hata kwa kukosea. Nenda salama, mwanangu. Mimi nasikia sufuria zinagongana, naitwa shuleni.